Toki Renchi ya Mkwe

Nimekuwa nikiahirisha kuandika habari za ile spana. Kila jioni naandika kwamba mvua imenyesha, au kwamba kuku wetu mweusi ameatamia mayai, halafu nafunika. Leo baba hayuko nyumbani na hakuna mtu wa kuniuliza mbona nimeinama hivi, kwa hivyo nitaandika, hata kama uso utaniwaka.

Kwanza niseme juu ya masikio ya baba, maana bila hayo masikio spana ingebaki kuwa spana tu.

Baba alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sukari, kwenye mashine zinazokamua miwa. Huko ndani watu huongea kwa mikono, kwa sababu sauti ya mtu haifiki popote. Alipohamishwa kuja getini kupima malori ya miwa, yeye alitoka lakini masikio yalibaki kule. Hakusema. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kumsikia akitamka "sisikii." Alikuwa na njia zake. Watu wakicheka naye anacheka, akichelewa kidogo. Kanisani anasimama wakati wengine wameshaanza kusimama. Redio aliifungulia mpaka jirani wa tatu hakuwa na haja ya kununua betri, na mama akimwambia ipunguze, anasema watoto wa siku hizi hawapendi kusikia habari.

Njia yake kubwa ilikuwa mimi. Tangu nikiwa shule ya msingi nilijua kukaa upande wake wa kulia, kwenye lile sikio lililobaki na uhai kidogo. Mtu akisema kitu, baba ananigeuzia macho, na mimi narudia kama mtu anayeshangaa tu. "Aa, kumbe mkutano ni Jumanne!" Naye anajibu, "Jumanne ni sawa." Hatukuwahi kupanga tufanye hivyo. Mama aliona na hakuuliza. Mimi ni mtu wa haya sana. Niko kidato cha tatu na bado mwalimu akinisimamisha sauti inapotelea tumboni. Lakini kwa baba nilikuwa na kazi ya kusema, na nilijivunia kwamba watu wa nje hawajui.

Sasa gari. Tuna pikapu kuukuu ambayo baba huitengeneza mwenyewe, pale kando ya zizi la ng'ombe. Mwezi wa Novemba ilichemka ikitoka Malava, moshi mweupe ukajaa barabarani mpaka watu wa mahindi ya kuchoma wakakimbia na majiko yao. Baba akafungua injini, akabadilisha gasketi, ule utando mgumu unaolala kati ya injini na kifuniko chake kizito cha chuma. Akakaza bolti kwa nguvu za mkono, na paipu juu ya spana, kama alivyozoea. Hazikupita siku nyingi mafuta ya injini yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia.

Kitabu cha gari kilisema bolti zote zikazwe kwa nguvu sawa, na kwamba iko spana ya kupima nguvu hiyo. Nilimsomea mimi, kwa sauti, karibu na sikio. Mafundi huiita toki renchi.

"Basi tutanunua hiyo," baba akasema. "Hii gari lazima ifike Navakholo."

Navakholo ndiko dada yangu alikoolewa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekuja kwetu, na sasa ilikuwa zamu yetu kumpelekea vyombo vyake: kabati, kitanda, sufuria, viti. Baba alikuwa amesimama mbele ya wakwe akatangaza kwamba vitu vya binti yake vitafika na gari yake mwenyewe, si ya kukodi. Alishalisema, na wakwe si watu wa kuambiwa jambo halafu ubadilishe. Hautanii nao ovyo, haupunguzishi bei kwao, hautaji mambo ya mwili wako wala wao. Kwetu tunaita tsisoni. Ni haya, lakini ni haya ambayo mtu akikosa anaonekana hakulelewa.

Tulizunguka maduka yote ya vifaa mjini Kakamega. Kila duka lilisema tuagize Kisumu. Katika duka la mwisho muuzaji alituangalia kwa huruma akasema, "Kwani hamjajaribu yule mzee wa spana za mitumba, nyuma ya soko? Huyo hakosangi."

Baba akanigeuzia macho. Nikarudia. Akavuta kofia yake mbele, kwa sababu mzee wa spana za mitumba ndiye baba mkwe wa dada.

"Tutapita tumsalimie tu," baba akasema. Lakini tulijua sote wawili tunaenda kununua.

Kibanda chake ni cha mabati, spana zimening'inia kwenye misumari kama samaki. Alipotuona aliruka kutoka kwenye stuli.

"Mkwe! Leo jua limetoka upande gani? Kukhu, habari ya shule?"

Hata baba huniita Kukhu, yaani bibi, kwa sababu nina jina la mama yake. Nilimwamkia mzee nikiangalia ndara zangu. Vijana wawili mafundi walikuwa wamekaa juu ya rimu za magari hapo nje, wakila miwa na kutuangalia kama sinema.

Mkwe alitoa toki renchi mbili. Ya kwanza ilikuwa chuma kirefu, chembamba, chenye kutu, na mshale unaopita juu ya kibati cha namba karibu na mpini. Ukivuta, chuma kinapinda kidogo na mshale unakuonyesha nguvu yako imefika wapi. Ya pili ilikuwa ndani ya sanduku jekundu, inang'aa. Hiyo unazungusha mpini mpaka kwenye namba unayotaka, halafu unavuta. Ikifika, inalia.

"Hii ya mshale ni ya kizamani," mkwe akasema. "Lazima uiname uchungulie. Mtu mzima kama wewe, uchungulie injini kama umeangusha sindano? Chukua hii. Hii hauangalii. Unasikia tu, kak, unaachilia. Hata kipofu anatumianga."

Macho ya baba yakaja kwangu.

Na mimi sikurudia.

Nimejaribu kujiambia kwamba ni kwa sababu msichana haropoki mbele ya wakwe, na hiyo ni kweli kidogo. Lakini nitaandika yote. Wale vijana wawili walikuwa wananitazama, na mmoja alikuwa mzuri wa uso. Ilinijia kwamba nikirudia maneno, watajua. Wataniona ni mtoto wa kiziwi. Nikaangalia spana ukutani kama mtu anayezihesabu.

"Sikiliza sasa," mkwe akasema. Akabana kipande cha chuma kwenye vaisi mezani, akaweka ile spana ya kung'aa, akashika mpini.

Baba aliona mdomo wa mkwe umetulia na mkono uko tayari. Akatabasamu.

"Nimesikia," akasema. "Ni nzuri."

Ilikuwa bado haijalia.

Mkwe alibaki na mkono juu ya mpini. Halafu akavuta, polepole. Kak. Sauti ndogo, kavu, kama kuvunja kijiti cha mfagio. Aliangalia chini.

"Ee," akasema. "Umesikia." Akashika ile ya mshale, akaipangusa na kitambaa. "Lakini hata hii, mkwe, si mbaya. Kuna watu huipenda kuliko. Ukitaka hii..."

Aliisema akiinyoosha mkononi, na baba alielewa kwa kuona. Akacheka.

"Umenichagulia nzuri, nikatae? Nipe hiyo yako."

Akalipa alichoambiwa, bila neno. Nilibeba lile sanduku jekundu mpaka nyumbani na lilikuwa zito kuliko kawaida ya chuma.

Kesho yake asubuhi baba alivaa ovaroli ya kiwandani, akarudisha kifuniko cha injini na gasketi mpya. Nilikaa karibu na kitabu, nikamwonyesha mpangilio wa bolti, kuanzia katikati kwenda nje. Akazungusha mpini mpaka kwenye namba. Kisha akaniangalia, akaangalia spana.

"Nenda umsaidie mama yako," akasema.

"Na namba, baba?"

"Namba nimeshaiona. Nenda."

Nilijua kwa nini ananifukuza. Alitaka kuwa peke yake na hicho kitu. Nikaenda jikoni, mama alikuwa anachambua likhubi, yale majani ya kunde. Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kuchambua naye. Jiko letu halina dari, na kutoka pale mpaka kwenye gari hata ng'ombe akipumua unamsikia.

Kak.

Nikangoja. Spana iliendelea kuvutwa, unasikia chuma kikilalamika. Kak, tena, kwenye bolti ile ile.

"Hiyo kitu inalia nini?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Inamwambia imetosha."

"Na sasa?"

Nikachukua jani jingine. Kak. Kukawa na kunyamaza, nadhani alihamia bolti nyingine. Kak. Kisha kuvuta. Kisha kak. Mama alikuwa ameshika jani moja tu, analigeuza. Nilitaka asimame yeye. Nadhani naye alitaka nisimame mimi. Ni hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Ningeweza hata kusema ni chai nimepeleka. Lakini ukienda pale ukamwambia baba "imelia," umemwambia kila kitu, umemwambia tangu lini, na kwamba wote tulikuwa tunajua. Basi tulichambua mboga. Tulizichambua mpaka zikabaki mabua.

Ile sauti ya mwisho haikuwa kak. Ilikuwa kama risasi. Kuku walitawanyika.

Baba alikuja mlangoni na kichwa cha bolti mkononi. Kipande kingine kilikuwa kimebaki ndani ya injini.

"Mkwe ameniuzia kitu kibovu," akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hii spana hailii. Nimevuta, nimevuta. Mkono ulihisi kama inateleza kidogo, nikadhani ni bolti inakaa. Hailii kabisa! Anajua tunaenda kwake wiki hii, ananiuzia spana imekufa. Kukhu, leta hilo sanduku. Inarudi leo."

Mama akaniangalia, na mimi nikamwangalia yeye. Kurudisha kitu kwa mkwe na kumwambia amekudanganya, hilo nililisikia tu katika hadithi za watu waliokosana mpaka kwenye mazishi. Na dada yuko kule, ndani ya boma lao.

"Si ungojee hata kesho," mama akasema, lakini kwa sauti ile ya kawaida, na baba alikuwa ameshageuka.

Tulitembea mpaka mjini. Njia nzima nilikuwa upande wake wa kulia. Nilitengeneza sentensi. Tulipopita kwenye mzambarau, nilisema moyoni, tukifika pale kwenye daraja nitamwambia. Tulipofika darajani kulikuwa na watu wakifua. Nikasema, tukifika lami. Kwenye lami lori la miwa lilipita na nikafurahi, ndiyo, nilifurahi, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuongea lori likipita. Halafu tukawa tumefika.

Wale vijana wawili walikuwa pale pale juu ya rimu zao. Mkwe alisimama, akaona sanduku, akaona ovaroli.

"Mkwe," baba akasema, "sijaja kwa ubaya. Lakini hii kitu hailii. Imenivunjia bolti."

 Mkwe alichukua spana, akapuliza vumbi, akaiweka kwenye kile chuma cha vaisi kama siku ile. Alivuta.

Kak.

Ilisikika mpaka kwa mama wa viazi upande wa pili wa njia.

"Mzee!" yule kijana mzuri akasema, akicheka. "Hiyo imelia mpaka Bukura wamesikia!"

"Nyamaza, wewe," mkwe akamwambia.

Baba alikuwa anaangalia mdomo wa kijana, halafu meno yake yaliyokuwa nje, halafu mimi. Safari hii hakuniangalia kama anayeomba neno la kurudiwa. Aliangalia kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Imelia?" akaniuliza.

Kumjibu baba lazima useme kwa nguvu. Hakuna namna ya kumnong'oneza. Nilisema, na sauti yangu, ile isiyotoka darasani, ilitoka yote.

"Imelia, baba."

"Na nyumbani? Ililia?"

"Ililia."

"Ulikuwa jikoni."

"Tuliisikia jikoni."

"Wewe na mama yako."

"Ndiyo, baba."

Nilingoja anipige, kwa kweli ningependa anipige. Hajawahi kunipiga na hata siku hiyo hakunipiga. Alikaa kwenye stuli ya mkwe bila kukaribishwa. Alivua kofia, akaiweka gotini. Watu walikuwa wamesimama, si wengi, lakini mimi niliona ni soko zima. Nilitaka aseme uongo wowote, kwamba spana ilikuwa na mafuta, kwamba upepo ulikuwa mkali. Ningemsaidia. Ningeapa.

"Mkwe," akasema, "spana yako ni nzima. Ni masikio yangu. Masikio yangu yamekufa siku nyingi, mashine za miwa zilikula. Nisamehe. Nipe ile ya mshale, macho ninayo."

Aliisema tu hivyo. Mbele ya mkwe, mbele ya vijana wenye miwa, mbele ya mama wa viazi. Mambo ya mwili wake, yale ambayo mtu hataji. Mimi ndiye niliyefunika uso, kwa mikono yote miwili, kama mtoto mdogo.

Mkwe aliinama chini ya meza. Ile ya mshale haikuwa imerudi kwenye msumari wake ukutani. Ilikuwa imefungwa kwenye gazeti na kamba, imepakwa mafuta, kutu yote imesuguliwa.

"Nilikuwekea," akasema, kwa sauti kubwa, akiwa amesogea upande wa kulia wa baba. Sijui alijuaje ni wa kulia. "Nilijua utarudi. Mimi ndiye niliona siku ile nikanyamaza. Nitamwambiaje mkwe wangu neno kama hilo?"

"Huwezi," baba akasema. "Hata mimi nisingeweza."

Wakacheka, wazee wawili, na baba hakuchelewa kucheka.

Mkwe alituma mmoja wa wale vijana aje kutoa kipande kilichobaki ndani ya injini. Hakuja yule mzuri, namshukuru Mungu. Baba alikaza bolti zote upya, akiinama akichungulia mshale, mtu mzima kama ameangusha sindano. Hakunifukuza. Nilishika kitabu na hakuna aliponihitaji, namba zilikuwa pale mbele ya macho yake.

Gari ilifika Navakholo siku ya Jumamosi. Ilikohoa kidogo kwenye barabara ya murram, basi. Kabati la dada lilishushwa bila mkwaruzo, wanawake wakapiga vigelegele, tukaingizwa ndani. Mama hakuja, maana mama mkwe haendi kwa mkwe wake hivi hivi. Tulipoketi nilikimbilia kiti cha kulia kwa baba, miguu ilinipeleka yenyewe. Baba akanigusa bega.

"Nenda ukae na wasichana wenzako," akasema.

Halafu akawageukia wenyeji. "Mkiongea na mimi, pazeni sauti. Sisikii vizuri."

Nilienda kukaa kwenye mkeka kwa wasichana. Waliniuliza shule yangu ni gani na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Walileta obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu. Upande ule wa wazee walikuwa wanaongea kama watu walio ng'ambo mbili za mto, na baba ameweka kiganja nyuma ya sikio, waziwazi, mbele ya kila mtu. Walikuwa wanamuuliza juu ya miwa, na ng'ombe, na injini. Alijibu yote. Alisimulia hata ile ya bolti, mwenyewe, na alipofika mahali pa jikoni aliniruka. Alisema tu, "Ikalia, lakini hakukuwa na mtu karibu." Kila mtu alicheka. Mimi nilirudisha tonge sahanini.

Tulirudi jioni. Mama alikuwa jikoni, akanivuta ndani kabla sijavua viatu.

"Walimwongelesha?" akauliza.

"Sana."

"Na ulikuwa karibu naye?"

"Hapana. Aliwaambia wapaze sauti. Wakapaza."

"Akasikia?"

"Akasikia."

Mama alichukua mwiko, akakoroga sufuria ambayo haikuwa inahitaji kukorogwa. Nje baba alikuwa anafungua boneti, anachungulia, ile spana ya mshale kwapani.

"Kumbe ilikuwa ni kupaza sauti tu," mama akasema.